Porti mbili kwa kila bledi, na bledi ya nne inayojiwasha upya saa saba usiku

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Arua. Mimi ni afisa wa TEHAMA katika chuo kimoja huku. Mwaka jana tulinunua chasisi ya mtumba, Dell M1000e, yaani sanduku moja lenye bledi (seva nyembamba za kuchomeka) nne za M610 na swichi mbili za M6220. Tumeweka Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), kwa sababu leseni za VMware zilitushinda bei. Kila bledi ina porti mbili tu za gigabiti moja. Nimetenga porti ya kwanza, eno1, kwa ajili ya hifadhi, yaani NAS yetu ya NFS, na eno2 kwa mengine yote: usimamizi, klasta, mashine pepe, kuhamisha mashine, pamoja na bekapu zinazoingia kwenye diski za bledi ya nne. Video nilizotazama zinasema nahitaji porti sita kwa uchache. Je, ninunue kadi za ziada? Jambo la pili, sijui kama linahusiana: bledi ya nne hujiwasha upya yenyewe usiku, karibu saa saba, mara mbili au tatu kwa wiki. Fundi ametubadilishia RAM na haikusaidia. Wako, dada wa TEHAMA, Arua."

Jibu:

Dada yangu, ile RAM ya zamani usiitupe, haikuwa na kosa lolote. Maswali yako mawili ni swali moja, na ufunguo wake umeuweka mwenyewe katikati ya barua: bekapu zinaingia bledi ya nne, na inayoanguka ni ya nne.

Tazama kinachotokea saa saba usiku. Kazi ya bekapu ya Proxmox ikipangwa kwa klasta nzima haizunguki bledi moja baada ya nyingine. Kila bledi huanza kunakili mashine zake dakika ileile. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinaanza kumimina data kuelekea ya nne, zote kwa eno2. Porti ya gigabiti moja hubeba megabaiti 125 kwa sekunde kwenye karatasi, na kazini ni kama 110. Kwa hiyo ndani ya swichi A2, ile inayohudumia eno2, kuna wasemaji watatu, kila mmoja akiweza kutoa 110, na sikio moja linaloweza kupokea 110. Kinachozidi hutupwa.

Bekapu yenyewe haiumii. TCP, kanuni inayosafirisha data hiyo, ikitupiwa pakiti hupunguza mwendo na kutuma tena, asubuhi unakuta kazi imekamilika na alama ya kijani. Anayeumia ni corosync, programu ambayo bledi zinaitumia kuulizana "bado upo?" mara kwa mara usiku na mchana. Vijipakiti vyake ni vidogo mno, havihitaji barabara pana. Vinachohitaji ni kufika kwa wakati, na Proxmox hutaka ucheleweshaji kati ya nodi uwe chini ya milisekunde 5. Vikikwama nyuma ya malori ya bekapu, bledi tatu zinakubaliana kuwa ya nne imepotea, nayo ya nne inajikuta peke yake bila kura za kutosha. Kama mashine zake umeziwekea HA (ulinzi wa kuziwasha kwingine bledi ikifa), na dalili zako zinaniambia umeweka, kuna mlinzi ndani ya mfumo anayehesabu sekunde 60 kisha anaizima bledi kwa nguvu na kuiwasha upya, ili mashine zake ziwashwe kwingine bila kuhatarisha data. Bledi yako haina ugonjwa. Inatii amri.

Usiniamini kwa maneno. Ingia bledi ya kwanza asubuhi baada ya usiku wa balaa, uandike:

journalctl -u corosync --since "00:50" --until "01:30"

Ukiona mistari inayosema "link: host: 4 link: 0 is down", au "Retransmit List" zikifuatana kama treni, umemkamata mwizi.

Huduma ya kwanza ya leo haihitaji hata shilingi. Katika faili /etc/vzdump.conf ya kila bledi, weka mstari huu:

bwlimit: 25600

Kipimo chake ni kibibaiti kwa sekunde, kwa hiyo ni kama megabaiti 25 kwa kila bledi. Zikisema tatu kwa pamoja ni 75, na sikio la bledi ya nne linabaki na nafasi ya kupumua. Bekapu itachukua muda zaidi: mashine ya gigabaiti 400 ambayo ingemalizika kwa saa moja na dakika chache itakwenda zaidi ya saa nne. Kama alfajiri inakuwahi, ipe kila bledi kazi yake kwa saa yake, kisha pandisha kiwango hadi 61440. (Na siku moja hamisha hizo bekapu nje ya chasisi. Nakala inayokaa kwenye sanduku moja na asili yake itaungua pamoja nayo.)

Sasa porti. Ushauri wa porti sita ulitoka kwenye seva za raki, zile zenye mkia wa kebo sita au nane nyuma, ambapo kila kazi ilipewa waya wake na mtu akalala usingizi. Kwenye bledi waya hakuna. Shaba imechongwa ndani ya ubao wa kati wa chasisi: porti ya kwanza ya M610 inakwenda swichi iliyo A1, ya pili inakwenda A2, na hakuna bisibisi itakayobadilisha hilo. Aliyesanifu alikusudia kukupa njia mbili za kufika mahali pamoja, moja ikikatika upite nyingine. Wewe umezigeuza kuwa njia mbili za kufika mahali pawili tofauti. A1 ikifa leo, bledi zote nne zinapoteza hifadhi. A2 ikifa, zinapoteza kila kitu kingine. Mna swichi mbili, mmelipia umeme wa mbili, na bado kila moja ikianguka chuo kizima kinasimama.

Kwa hiyo usigawe porti kwa kazi. Peleka kazi zote kwenye porti zote mbili, uzitenganishe kwa VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya waya mmoja), halafu amua kila kazi itembee upande gani siku za kawaida na ikimbilie upande gani siku ya msiba.

Mimi ningepanga hivi kwako. Upande wa eno1 siku za kawaida: usimamizi (VLAN 10) na mashine pepe (VLAN 40, ongeza 41, 42 kadiri ya idara). Upande wa eno2: hifadhi pamoja na bekapu (VLAN 20) na kuhamisha mashine (VLAN 30). Corosync ipewe njia mbili zake yenyewe, VLAN 50 juu ya eno1 na VLAN 60 juu ya eno2, kila moja na anwani yake. Hizi mbili za corosync usizifunge pamoja. Corosync ya sasa inajua kuruka kutoka njia moja hadi nyingine yenyewe, na inafanya hivyo vizuri kuliko bondi (porti mbili zilizofungwa kuwa moja) yoyote utakayomtengenezea.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu somo la kawaida la Proxmox linakufundisha kuunganisha eno1 na eno2 kuwa bond0 moja na kuweka VLAN juu yake. Inafanya kazi, lakini katika modi ya active-backup porti moja hubeba mzigo wote na nyingine inakaa kibarazani ikingoja. Kwa mtu mwenye gigabiti mbili tu, huo ni ubadhirifu. Geuza mpangilio: kata VLAN kwanza juu ya kila porti, kisha funga vipande viwili vya VLAN moja kuwa bondi. Mfano wa usimamizi na hifadhi kwenye bledi ya nne, katika /etc/network/interfaces:

auto eno1.10
iface eno1.10 inet manual

auto eno2.10
iface eno2.10 inet manual

auto bond10
iface bond10 inet static
    address 10.20.10.14/24
    gateway 10.20.10.1
    bond-slaves eno1.10 eno2.10
    bond-mode active-backup
    bond-primary eno1.10
    bond-miimon 100
    bond-updelay 20000

auto eno1.20
iface eno1.20 inet manual

auto eno2.20
iface eno2.20 inet manual

auto bond20
iface bond20 inet static
    address 10.20.20.14/24
    bond-slaves eno1.20 eno2.20
    bond-mode active-backup
    bond-primary eno2.20
    bond-miimon 100
    bond-updelay 20000

Angalia mistari miwili ya bond-primary: ya kwanza inapendelea eno1, ya pili eno2. Siri yote ya mpangilio iko hapo. VLAN 30 inafuata mfano wa 20. VLAN 40 inafuata mfano wa 10, ila bond40 haipewi anwani. Unaiweka chini ya daraja vmbr40 na mashine pepe zinaning'inia hapo.

Ule mstari wa bond-updelay usiupuuze. Swichi ikirudi kutoka kuwashwa upya, huwasha taa za porti kabla akili haijatulia. Bila kusubiri, bondi itaona taa, itakimbilia upande wake inaoupenda, na kudumbukia kwenye swichi ambayo bado inapiga miayo. Milisekunde 20000 ni sekunde 20. Kama swichi zako ni nzito kuamka, ongeza.

Kwa corosync, hariri /etc/pve/corosync.conf, ongeza ring1_addr kwa kila nodi, na upandishe namba ya config_version kwa moja. Ukisahau namba hiyo, mabadiliko hayatashika na utalaumu mtandao bure. Njia ya eno1 ipe knet_link_priority kubwa kuliko ya eno2, maana eno2 ndiko malori yanakopita. Na kwa kuwa mna bledi nne, kumbuka kura: zikigawanyika mbili kwa mbili hakuna upande wenye wengi, na zote nne zinaweza kujizima. Kompyuta yoyote ndogo nje ya chasisi ikiwekewa QDevice inakupa kura ya tano. Hiyo ningeifanya kabla ya kufikiria kadi.

Kuhamisha mashine kupeleke VLAN 30 kwa kuandika mtandao wake katika datacenter.cfg, na hapohapo weka ukomo wa megabaiti 60 kwa sekunde. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 16 itahama kwa dakika kama tano badala ya mbili na nusu. Nani anaharakisha? Ukomo wote huu, wa bekapu na wa kuhamisha, usiupime kwa siku ambayo porti zote mbili ni nzima. Upime kwa siku ambayo imebaki moja na kila kazi imerundikana humo.

Upande wa swichi, porti za ndani 1/g1 hadi 1/g4 zinalingana na bledi ya kwanza hadi ya nne. Ziweke katika modi ya tranki (porti moja kubeba VLAN nyingi), ruhusu VLAN unazotumia tu, na uwashe portfast ili porti isikae ikitafakari mizunguko kila bledi inapowaka. VLAN 50 iishie ndani ya A1 na 60 ndani ya A2. Hazina shughuli nje. VLAN 20 na 30 ziruhusu zipande hadi swichi yenu kuu, kwa sababu bledi moja ikipoteza eno2, hifadhi yake itaingilia A1 na lazima ipate njia ya kuzunguka kufika A2. Usiache chochote cha maana bila lebo ya VLAN.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingenifanya nikuandikie hata kama usingeuliza.

Ninyi wa Arua mnaijua barabara ya Kampala: Karuma, halafu Pakwach. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, mabasi yalilazimika kuzunguka. Sasa fikiria kituo cha basi cha Arua ambacho hakijapata habari. Ofisi iko wazi, taa inawaka, karani anakata tiketi, abiria wanapanda, na daraja limefungwa. Hivyo ndivyo bledi inavyoona mtandao. Taa ya eno1 inaonyesha tu kwamba shaba kati ya bledi na A1 ni nzima. Shaba hiyo iko ndani ya chasisi, haikatiki hata siku moja. Kebo inayotoka A1 kwenda swichi kuu ikichomoka, bledi haina habari: taa ni ya kijani, bondi imeridhika, na pakiti zinaingia A1 na kufia humo.

Nililijua hilo kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikitunza chasisi ya taasisi moja kule magharibi. Jumamosi moja simu ikalia: nusu ya mifumo haipatikani, nusu iko salama. Niliingia kwa mbali, nikatazama bledi zote, kila kiungo kiko juu. Nikawasha upya mashine tatu, hakuna kitu. Mwishowe nikashika njia, kilomita 270 hivi kutoka Kampala hadi Mbarara, nikapita Lukaya bila hata kununua mshikaki. Nilipofungua chumba nilikuta harufu ya rangi mbichi. Mchoraji alikuwa ameegemeza ngazi yake nyuma ya raki, na kebo mbili za A1 zilikuwa zimening'inia kama mikia, moja ina tone la rangi nyeupe kwenye kichwa. Nilizichomeka kwa sekunde nne. Safari nzima ya saa tano, kwa sekunde nne.

Dawa yake ipo ndani ya M6220 na inaitwa link-dependency. Unaunda kundi, kwa neno add unataja porti za bledi, na kwa depends-on unataja kebo za kupanda juu. Kebo hizo zikianguka zote, swichi inazima yenyewe porti za bledi. Bondi inaona giza, inahamia upande wa pili ndani ya muda mfupi. Ni sawa na mtu wa darajani kupiga simu kituoni: acheni kukata tiketi. Swichi za watengenezaji wengine zina kitu hichohicho kwa majina mengine; kwenye chasisi za HP zenye Virtual Connect kinaitwa SmartLink.

Lakini subiri, usikimbilie kuiwasha kwenye swichi zote mbili. Chuo chenu nadhani kina swichi kuu moja, kama vyuo vingi. A1 na A2 zote zinapanda kwenye hiyo hiyo. Sasa swichi kuu ikizimika, tuseme mtu kaiwasha upya mchana kwa sasisho, kebo za kupanda za A1 na A2 zinaanguka kwa pamoja. Zote mbili zitatii na kuzima porti za bledi. Bledi zote nne zinabaki bila hifadhi, bila corosync, bila chochote, na baada ya sekunde 60 mlinzi anaanza kuzizima. Kifaa cha kuzuia msiba kimeleta msiba. Nimewahi kukaguliwa kazi na kijana aliyekuwa na nusu ya umri wangu akaniuliza hilo, na sikuwa na jibu.

Jibu ninalotumia tangu hapo ni kutofanya pande zifanane. A1, ambako mashine pepe zinatokea kwenda kwa watu, iwekee link-dependency. A2 iache bila. Kisha NAS ichomeke moja kwa moja kwenye porti ya nje ya A2, iwe 1/g19 au 1/g20, na mguu wake wa pili uingie A1, ukiwa wa akiba tu. Swichi kuu ikifa, A1 inazima porti zake, kila kitu kinahamia A2, na humo A2 kuna hifadhi na kuna corosync ya VLAN 60. Mashine hazipatikani kutoka nje, ni kweli, lakini hata wanafunzi nao hawana mtandao saa hiyo. Swichi kuu ikirudi, mashine zako zinaendelea pale zilipoachia badala ya kuamka na hifadhidata zilizovunjika.

Kabla ya kugusa faili lolote, fungua konsoli ya bledi kupitia CMC, kidhibiti cha chasisi, ambayo ina porti yake ya mtandao isiyotegemea A1 wala A2. Hariri mtandao ukiwa ndani ya konsoli hiyo, bledi moja kwa wakati, baada ya kuhamisha mashine zake. Na muda wote wa kazi hii ondoa HA kwenye mashine, utairudisha ukimaliza. Anayehariri mtandao kwa SSH inayopita kwenye mtandao huohuo anakata tawi alilokalia, na kutoka Kampala hadi kwako ni usiku mzima ndani ya basi.

Ukimaliza, jaribu. Siku ya kazi ndogo, weka ping inayoendelea kutoka kompyuta ya ofisi hadi mashine pepe moja, chomoa kebo zote za kupanda za A1, na usome:

cat /proc/net/bonding/bond40

Mstari wa "Currently Active Slave" unapaswa kutoka eno1.40 kwenda eno2.40, na ping kupoteza chache tu. Rudisha kebo, subiri. Kisha zima A2 nzima kutoka CMC, utazame hifadhi inavyohamia. Mwisho zima swichi kuu kwa dakika tatu, zaidi ya zile sekunde 60 za mlinzi, HA ikiwa imerudishwa. Bledi zisipojizima, umefika. Mtandao ambao haujachomolewa kebo kwa makusudi, mimi siuhesabu kuwa una akiba.

Kuna mambo matatu utashauriwa na marafiki, nami ningeyakataa kwa hali yako. La kwanza ni kuunganisha A1 na A2 ziwe swichi moja ili utumie LACP, njia ya kufunga porti mbili zibebe mzigo kwa pamoja. M6220 zinaweza kufanya hivyo ukiwa na moduli yake, lakini siku ya kusasisha programu ya swichi zote mbili huzimika pamoja, na hapo akiba imekwenda wapi? Tena muunganisho mmoja wa TCP katika LACP bado hupita waya mmoja, kwa hiyo mazungumzo ya bledi na NAS hayatazidi gigabiti moja kwa ajili hiyo. La pili ni modi ya balance-alb, inayocheza na anwani za MAC na kugombana na madaraja ya mashine pepe. La tatu ni fremu kubwa za baiti 9000. Kwenye gigabiti moja faida yake ni ndogo, na kifaa kimoja kikisahauliwa utapata ugonjwa wa ajabu ambapo ping inapita na NFS inaganda. Ukiwa mbishi, angalau pima kwa ping -M do -s 8972 kutoka kila bledi hadi NAS.

Wasomaji wengine wenye ESXi ya VMware: mpangilio ni huohuo na ni rahisi zaidi. Swichi pepe moja, vmnic (porti halisi) zote mbili ndani, halafu kwenye kila kundi la porti unabadilisha mpangilio wa ipi inafanya kazi na ipi inangoja. Acha njia ya kugawa mzigo ya kawaida inayofuata porti ya mashine. Ile ya IP hash inadai swichi moja upande wa pili. Na beacon probing (porti kupimana kwa kutumiana pakiti) msiitegemee mkiwa na vmnic mbili, kwa sababu zikikosa kusikilizana hakuna wa tatu wa kuamua nani mkweli. Wenye bledi za gigabiti 10 zinazoweza kugawanya porti moja kuwa nne, kama Flex-10 ya HP, wataona kadi nane ndani ya mfumo. Zisiwadanganye: chini yake waya bado ni mbili.

Na kadi, je? Tumia mpangilio huu miezi miwili, ukitazama grafu za eno2. Kama mchana wa kawaida, bila bekapu, inakaa karibu na kilele, basi hifadhi inadai nafasi yake na kadi ya mezanini (kadi ya ziada ndani ya bledi) ni haki. Ila hesabu yote kabla ya kulipa. Kadi ya mezanini haitokei A1 wala A2. Inatokea B1 na B2, au C1 na C2, na huko nako utahitaji swichi mbili nyingine au moduli za kupitisha. Muuzaji atakuonyesha kadi ya porti nne kwa bei inayokaribia ya mbili. M6220 ina porti 16 tu za ndani, moja kwa kila bledi, kwa hiyo ukiziweka hizo B1 na B2 utawasha porti mbili na nyingine mbili zitabaki gizani. Porti nne zinataka M6348, yenye porti 32 za ndani. Mwulize muuzaji ni swichi gani anakupa pamoja nayo, na jibu lake alitie kwenye risiti.